Shangazi Watatu kwa Paja Moja

Wifi yangu Elinipendo alinipigia simu siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda namenya ndizi za mtori. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Wifi, niongeze wa pili au nibaki na huyu mmoja?"

Mwanamke mjane wa miaka sitini na mitatu akikuuliza hivyo, unaweka kisu chini kwanza. Nikamwambia sikujua hata kama yupo huyo wa kwanza. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kumbe alikuwa anasema habari ya ofisini. Alikuwa na msaidizi mmoja, Savita, na watu walikuwa wanamshauri aajiri mwingine, wawe wawili wa kumpangia safari, kumwandikia barua, kupokea wageni na kumkumbusha nani amefiwa na nani anaozesha. Nikamwambia hilo ni jambo kubwa kuliko mume, angoje kwanza ninawe mikono.

Niseme huyu Elinipendo ni nani, maana wanaomjua siku hizi wanamjua kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa gari la maziwa, na wanadhani alizaliwa na gari.

Mimi nilimkuta. Nilipoolewa na kaka yake Ebenezeri hapa Mbokomu, mwaka sitini na tisa, Elinipendo alikuwa na miaka minane na mapengo mbele, na ndiye aliyetumwa kunionyesha njia ya mfereji. Alinipitisha njia ndefu makusudi, apate muda wa kunihoji. Kwetu tuna ng'ombe wangapi? Yupi anakamuliwa? Maziwa yakibaki yanapelekwa wapi? Nilirudi na ndoo kichwani nimechoshwa na maswali kuliko na maji. Mama mkwe akaniambia nimzoee tu, ndivyo alivyo.

Alipofika darasa la tano alikuwa anashuka Kiboriloni kila Jumamosi na kibuyu cha maziwa mgongoni, miguu mitupu, kitambaa kimefungwa juu ya mdomo wa kibuyu ili maziwa yasimwagike kwenye mteremko. Mteja wake wa kwanza alikuwa Arvind, Mhindi aliyeuza vitambaa na vifungo pale karibu na soko. Arvind alikuwa na binti mchanga, na maziwa yalikuwa ya huyo binti. Ndiye Savita. Savita amekua kwa maziwa ya Elinipendo, na hili hulisema mwenyewe, tena kwa Kichagga cha kwetu huku juu, maana alijifunzia nyuma ya kaunta ya baba yake. Kuna wajukuu zangu wa Dar ambao Savita huwatafsiria maneno ya bibi yao.

Mume wa Elinipendo alifariki mwaka tisini na moja, akamwachia watoto watatu na ng'ombe mmoja ambaye hata hakuwa wa kwao, alikuwa amewekeshwa na jirani: ndama wa mwenye ng'ombe, maziwa na samadi ya mfugaji. Kwa hayo maziwa ya ng'ombe wa watu akaanza. Akaongeza ya jirani, kisha ya mke wa mwinjilisti, kisha ya kijiji kizima. Leo kina mama mia tatu na arobaini wanampelekea maziwa, na pale Kiboriloni ana kiwanda kidogo cha mtindi, mashine zinanguruma, vijana wamevaa kofia nyeupe kama wauguzi. Savita alikuja kumsaidia mwaka wa mvua za Elinino, baada ya duka la baba yake kufungwa. Alikuja kwa wiki moja tu, amwandikie barua mbili. Hizo barua hazijaisha mpaka leo.

Savita ana daftari. Ni lile kubwa la jalada gumu, na humo anaandika kwa kalamu tatu: ya bluu ni kazi, nyekundu ni misiba, kijani ni sherehe. Miaka ya mwanzo ukilifungua unaona bluu tupu. Siku hizi ni jekundu na kijani kama kanisa la Krismasi, bluu unaitafuta. Kwa sababu huku kwetu, mkurugenzi wa kina mama mia tatu na arobaini ana ubatizo mia tatu na arobaini, ana vipaimara, ana harusi, ana mazishi, ana kujengea makaburi, na kote huko anangojewa kwa jina. Asipokwenda lazima atume mtu, na huyo mtu alikuwa Savita.

Savita ni mmoja na Jumamosi ni moja. Mambo yakaanza kugongana. Mwezi wa saba, kabla ya ile simu, dereva alimshusha Elinipendo kwenye nyumba iliyojaa watu, naye akashuka anapiga vigelegele, boksi la zawadi mkononi, akapokewa kwa kilio. Harusi ilikuwa nyumba ya tatu mbele. Wafiwa walimsamehe, maana marehemu alikuwa na miaka tisini na saba na watu walisema yeye mwenyewe angefurahi.

Hayo ya nje yalichekesha. Yaliyomuumiza ni ya nyumbani kwa kaka yake, yaani hapa.

Katika ukoo huu wa mume wangu, mbuzi akichinjwa kwa jambo la boma, paja la nyuma la kulia ni la shangazi, dada wa mwenye boma. Linatolewa mbele ya watu wote, kabla mgeni yeyote hajaonja kitu. Anayepokea hilo paja ndiye anayemvika kitenge bibi harusi wa nyumba hii, ndiye anayeitwa wakigombana ndugu, ndiye akisema "basi" wanaume wananyamaza. Kwa mwanamke aliyeolewa akaenda kwa watu, hilo paja ndilo linalosema kwamba bado ana kwao.

Mwezi wa nne tulipojengea kaburi la baba mkwe, Elinipendo alikuwa Dodoma kwenye mkutano. Akaja Savita. Mwezi wa nane tulipobatiza mjukuu, Elinipendo alikuwa na mashine imeharibika na fundi ametoka Tanga. Akaja Savita. Na Savita hali nyama, wala baba yake hakula, wala babu yake. Mara zote mbili alipokea paja la mbuzi kwenye ndoo yenye mfuniko, akaishika ndoo kwa vidole viwili, uso ameuelekeza kwenye theluji ya mlima, anashukuru kwa Kichagga safi kabisa. Watu walifurahi kupita kiasi. Ebenezeri hakufurahi.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Siku ile ya ubatizo alimwita Savita mbele ya wageni akamwambia, "Mwambie dada yangu hivi. Mara mbili nimempa paja binti ya Arvind, na ninamheshimu binti ya Arvind. Mara ya tatu litakwenda kwa Anandumi, na litakaa huko."

Savita akalifungua daftari palepale, akaandika kwa kalamu nyekundu.

Anandumi ni binti wa baba yao mdogo. Anakaa ng'ambo ya mfereji, na tangu nimjue hajawahi kukosa sherehe ya mtu, hata ile ambayo hakualikwa. Huja na bakuli lake mwenyewe. Baada ya maneno ya Ebenezeri alinunua jipya, kubwa, lenye mfuniko wa kubana pande nne, akawa analianika uani kwake mahali ambapo ukipita njiani lazima ulione.

Hivyo ile Jumanne, Elinipendo alipomaliza kucheka kwenye simu, sauti ikabadilika. "Wifi," akasema, "baba sina, mama sina, mume sina. Hapo kwa kaka nikikosa paja, nitakuwa nakaa kwenye turubai pamoja na wageni wengine."

Kipaimara cha mjukuu wetu Goodness kilikuwa Desemba tarehe nane. Tulikuwa mwezi wa tisa. Ndiyo maana aliuliza habari ya wa pili.

Kila mtu alikuwa na shauri. Ebenezeri alisema mtu mwenye wasaidizi wawili yeye mwenyewe anafanya kazi gani. Watoto wa Elinipendo walioko Dar walisema siku hizi wakubwa wana wasaidizi watatu hata wanne, mmoja ni wa simu tu. Savita hakuulizwa, ila alijibu. Alipanda mpaka kwangu siku ya Jumapili, akakaa jikoni, akanywa chai yake ya maziwa, akasema kwa huzuni ya kuigiza, "Mama ananiletea mke mwenza, na mimi sijakosa kitu ndani ya nyumba." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nilimwona macho. Hakuwa anatania yote.

Mimi nilimpa Elinipendo shauri la jikoni, maana huko ndiko nimesomea baada ya darasa la saba. Nilimkumbusha harusi ya mwaka themanini na nne, tulipopika machalari ya kulisha parokia nzima. Nilitia chumvi mimi, nikaenda kuangalia kuni. Anandumi akapita, akaonja hewa, akatia chumvi na yeye. Bwana harusi alikunywa maji mpaka ibada ya jioni. Kosa halikuwa sisi kuwa wawili, kosa ni kwamba hatukuambiana. Nikamwambia, "Mwongeze huyo wa pili. Ila ujue ni nani anatia chumvi."

Alisikia nusu ya kwanza.

Akamwajiri Praygod, kwa majaribio mpaka Krismasi. Mzaliwa wa Pasua, miaka thelathini na minne, ana digrii, amefanya kazi Dar kwenye maofisi ya vioo. Ndevu zimechongwa kama ukingo wa bustani, viatu vina ncha, na kila kitu chake kiko ndani ya simu. Ukimuuliza jambo anakwambia, "Hiyo niachie, mama, ipo kwenye sistimu." Siku ya kwanza alimwamkia Savita shikamoo kwa heshima zote. Savita akaitikia marahaba, kisha akamwomba asimzeeshe mbele ya wateja.

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa ajabu. Elinipendo alikuwa kila mahali. Asubuhi yuko Mabogini kwa mama mmoja aliyejifungua mapacha, mchana yuko kwenye send-off Majengo, jioni yuko kwenye msiba Kidia, na hakuna alipopiga vigelegele mahali pasipo pake. Watu wakaanza kusema ana pacha. Mimi mwenyewe nilimwona siku mbili mfululizo nikaogopa.

Lakini hao wasaidizi wawili hawakuwa na kitabu kimoja. Savita daftari lake alilifungia kwenye droo, funguo shingoni. Praygod lake lilikuwa simuni, na simu ina namba ya siri. Walikaa meza mbili zinazotazamana, wanasalimiana vizuri, wanapeana sukari, na hakuna anayemwambia mwenzake siku ya kesho ina nini. Elinipendo alimwambia Savita kwamba Jumapili ya tarehe nane yuko kwa kaka yake, hata ng'ombe wote wa Kilimanjaro wagome. Akaongeza, "Mwambie na mwenzako." Savita akaandika kwa kijani, akapiga mstari chini mara mbili, akafunga droo. Mwenzake hakumwambia. Na mwenzake hakuuliza. Aliona kwenye simu yake Jumapili ya tarehe nane ni nyeupe pe, akaweka wageni.

Tena si wageni wa kurudisha. Walikuwa watu wawili wa hoteli za Arusha ambao Elinipendo alikuwa amewatafuta miaka mitatu wanunue mtindi wake. Walikuwa wanapita siku hiyo tu.

Jumapili yenyewe ikafika. Elinipendo alilala Kiboriloni, akaamka mapema, akavaa kitenge kipya cha zambarau, akafunga kingine cha kumvika Goodness kwenye karatasi. Saa sita kasoro, mguu mmoja uko garini, simu ikalia. Wageni wako Boma Ng'ombe, wanauliza ofisi iko upande gani wa barabara. Akamwangalia Praygod. Praygod akamwangalia Savita. Savita akaangalia droo.

Elinipendo hakugomba. Alisema atawapokea nusu saa, atapanda. Akaingia ndani kuwawekea vikombe. Basi hapo kila mmoja wa wale wawili akajua moyoni kwamba kosa ni lake peke yake. Savita, kwa sababu hakusema. Praygod, kwa sababu hakuuliza. Na kila mmoja akaamua kwenda kulishikilia paja mpaka mwenyewe afike, bila kumwambia mwenzake, maana hata kwenye kutubu hawakuwa na daftari moja. Savita akatokea mlango wa mbele, akapanda bodaboda na ndoo yake. Praygod akatokea mlango wa nyuma, akapanda nyingine.

Huku juu kwetu ibada ilikuwa imekwisha. Goodness amerudi na gauni jeupe, anatembea kama aliyebeba yai. Turubai limejaa mpaka kwenye migomba. Mimi niko mlango wa jikoni, naona ua wote. Sirili, ambaye ndiye mkataji nyama wa ukoo tangu baba yake aache, ametandika majani ya mgomba, mbuzi watatu wako mbele yake, paja la shangazi likiwa la yule wa kwanza kuchinjwa tu, kisu anakinoa polepole kwa sababu nilimwomba. Wageni wana njaa. Ebenezeri ameangalia lango mpaka shingo imekakamaa. Anandumi amekaa kiti cha mbele, bakuli mapajani, mfuniko ameshafungua pande mbili.

Kisu hakiwezi kunolewa siku nzima. Sirili akainua paja, akatangaza, "Paja la shangazi."

Bodaboda ikaingia langoni na Savita akashuka kabla haijasimama. Kichwani vumbi, mkononi ndoo. Akasema yupo hapa kwa niaba. Nilimwona Ebenezeri uso ukifunga kama dirisha. Kabla hajafungua mdomo ikaingia bodaboda ya pili. Praygod, ndevu zimekuwa za mzee kwa vumbi, ameshika jani kwa mikono miwili mbele ya kifua. Njiani alikuwa amempigia mama yake simu, akaambiwa anayeomba msamaha kwa Wachagga huja na jani la sale, naye amekulia mjini, akasimamisha bodaboda nje ya hoteli moja akachuma jani la kwenye chungu cha maua. Lilikuwa na mistari ya njano.

Akapiga goti. "Shikamoo mzee. Nimekuja kwa niaba ya Shangazi."

Sirili akamwangalia kutoka viatu mpaka juu. "Shangazi mwenye ndevu sijapata kumkatia," akasema. "Na sale ya kupakwa rangi sijaiona."

Turubai zima likaanguka kicheko. Watoto walikuja mbele kuangalia. Savita na Praygod wakageukiana, wakaanza kubishana kwa sauti ya chini ambayo ilisikika mpaka kwa jirani. Savita anasema kosa ni lake, yeye ndiye hakusema. Praygod anasema hapana dada, kosa ni lake, yeye ndiye hakuuliza. Savita anasema asimnyang'anye kosa lake, yeye ana miaka ishirini na sita kazini na hilo ndilo la kwanza. Sijawahi kuona watu wakigombea lawama kama wanagombea kiti. Mzee mmoja nyuma akawa anasema mpeni huyu mama, mwingine anasema mpeni kijana, kama mpira.

Sirili akauliza kama akate vipande viwili. Ebenezeri akasema, "Paja halikatwi. Shangazi ni mmoja."

Hapo Anandumi akasimama, akamalizia kufungua pande mbili za mfuniko. Hakupaza sauti. "Kama hamjui mnampa nani," akasema, "mimi nipo hapa mwenyewe. Sijatumwa na mtu."

Kicheko kikakatika. Kwa sababu ilikuwa kweli. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, Anandumi huja mwenyewe kwa miguu yake. Nilimwona Savita akishusha ndoo chini taratibu. Ebenezeri akainua mkono wa kuonyesha, na nikiwa nimeishi na ule mkono miaka hamsini na mitano nilijua unakwenda upande gani. Unakwenda kwenye bakuli.

Ndipo tukasikia honi.

Ilikuwa inatoka huko chini kanisani, haiachii, honi moja ndefu inapanda mlima pamoja na gari. Mkono wa Ebenezeri ukabaki hewani. Gari la maziwa likaingia langoni likinguruma kama mgonjwa, na mbele, kando ya dereva, ni Elinipendo kwa kitenge cha zambarau, yeye ndiye amebana honi. Nyuma, katikati ya makopo ya maziwa, wamekaa watu wawili wasiojulikana: mama mnene mwenye miwani ya jua na bwana mwembamba aliyekumbatia kopo moja lisimwangukie. Elinipendo alikuwa amewapokea ofisini, akafungua mlango awaite wasaidizi walete chai, akakuta meza mbili tupu. Akawaambia wageni kwamba mtindi mzuri unanywewa huko unakotoka, wapande.

Hakusalimia mtu. Alikwenda kwenye uzio wetu, akachuma sale, ya kijani, ya kwao, aliyoipanda baba yake. Akaifunga fundo. Akaja mpaka mbele ya kaka yake akapiga magoti yote mawili, na hayo magoti nayajua, yanalia hata kwenye ngazi za benki.

"Kaka, nimekosa mara mbili," akasema. "Ya tatu nimeikimbilia."

Ebenezeri alimwangalia muda ambao mtu angeweza kukoleza moto. Kisha ule mkono uliokuwa hewani ukashuka, ukapokea jani. Akamwambia Sirili ampe.

Sirili akasimama na paja lake. "Meku," akamwita kwa heshima ya wazee, "nimpe yupi? Hapa nina watatu."

"Huyo aliyepiga magoti."

"Waliopiga magoti ni wawili."

"Asiye na ndevu," akasema mume wangu, na nawaambia, mdomo ulimcheza. Ebenezeri, ambaye hakucheka kwenye harusi yake mwenyewe, alicheka akashika fimbo kwa mikono miwili.

Sijui kilichotupata baada ya hapo. Mimi nilipiga vigelegele mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. Elinipendo aliinuka, akalitupia paja begani, juu ya kitenge kipya, akaanza kuzunguka ua anacheza, na Goodness nyuma yake na gauni jeupe, na watoto nyuma ya Goodness. Mama wa miwani ya jua akaniuliza kwa upole, mkurugenzi waliyekuja kuonana naye ni yupi hasa. Nikamwonyesha. Wakati huo mkurugenzi alikuwa anapita mbele yetu na mguu wa mbuzi umemning'inia mgongoni. Yule mama akasema sawa, akaomba bakuli la mtori. Siku ya Alhamisi walirudi makusudi kutoka Arusha, wakasaini.

Elinipendo alipochoka kucheza aliweka paja kwenye majani, akamwomba Sirili kisu. Likishakuwa lake ni lake. Akakata mnofu mzuri wa juu, akaenda nao mwenyewe kwa Anandumi, akauweka kwenye bakuli jipya. Akamwambia, "Hii ni kwa sababu wewe hujawahi kutumwa na mtu." Anandumi akafunga mfuniko pande zote nne, akafuta machozi kwa khanga, kisha akasema kipande kina mafuta mengi.

Baada ya kula, tukiwa barazani, Ebenezeri akamuuliza dada yake, sasa ni mmoja au ni wawili. Wale wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, Savita na sahani ya kiburu cha ndizi na maharage, Praygod na supu. Wakaacha kutafuna.

"Wawili," Elinipendo akasema. "Daftari moja."

Akaeleza kwamba kila asubuhi kabla ya chai watasomeana, Savita asome cha daftari na Praygod asome cha simu, na funguo ya droo itundikwe ukutani. Kazi zote duniani wanaweza kumwakilisha, hata kwa mkuu wa mkoa. Hapa kwa kaka yake, hakuna mtu wa kumwakilisha. Siku ya jambo la hapa, wao wawili wabaki kwenye viti, wapokee wageni.

Savita aliinua mikono juu kama amefunguliwa pingu. Miaka yote hiyo, akasema, amebeba mbuzi wa Mbokomu nzima kwa vidole viwili, na hata harufu hajaizoea. Praygod akamwomba Sirili jani lake, Sirili akakataa, alikuwa ameshalichomeka kwenye kofia.

Jumatano ya wiki ile ile Savita alipanda na daftari jipya, jalada la kijani. Praygod alikuja naye, amebeba kalamu. Walisema wamekubaliana ukurasa wa kwanza niuandike mimi, kwa kuwa tarehe za boma hili nazijua bila kitabu: siku za makaburi, siku za ubatizo, nani anaoa baada ya Pasaka ingawa mwenyewe bado hajatangaza. Nikavaa miwani. Mwandiko wangu ni ule wa kukandamiza kalamu, wa mwalimu aliyekuwa anapita na kiboko, na haujaharibika. Ukurasa ukajaa nikageuza. Praygod alikuwa anapiga picha kila mstari aingize kwenye simu, nikamwambia asubiri wino ukauke.

Mstari wa kwanza ni Krismasi. Pembeni yake, Savita alitaka kuandika jina la atakayekwenda kama alivyozoea, nikamnyang'anya kalamu. Niliandika mimi: "Mwenyewe." Nikapiga mstari chini mara mbili.